Sekunde 90 kabla ya kuingia: kisa cha maabara iliyokwama baada ya umeme kukatika

Kisa hiki kinahusu maabara ya kompyuta ya chuo kimoja cha ufundi. Jina la chuo, mji na wahusika vimeondolewa. Kinachobaki ni mashine, mipangilio yake na hatua zilizochukuliwa, zile zilizosaidia na zile zilizoongeza uharibifu.

## Mazingira

Maabara ilikuwa na kompyuta za mezani 18, zote za mtumba, na seva moja. Zote ziliendeshwa na Debian 12, mfumo endeshi wa Linux, yenye mazingira ya eneo-kazi ya Xfce. Kila kompyuta ilikuwa na SSD ya GB 120 yenye mfumo endeshi, pamoja na diski ya zamani ya GB 500 ya kuhifadhia video na picha za mafunzo. Seva ilitoa folda ya kazi za wanafunzi kwa NFS, njia ya kushirikisha folda kupitia mtandao.

Kompyuta moja ilisanidiwa vizuri, kisha ikanakiliwa kwenye nyingine 17. Kwa kuwa diski za GB 500 hazikunakiliwa, zilipewa lebo moja ili mstari uleule wa `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski na folda za kupachikwa (kuunganishwa kwenye mfumo) mashine inapowaka, ufae mashine zote. Mistari miwili iliyohusika ilikuwa hii:

```
LABEL=hifadhi       /hifadhi  ext4  defaults  0 0
seva:/srv/masomo    /masomo   nfs   defaults  0 0
```

Mambo mengine manne yalikuwepo tangu mwanzo, na hakuna aliyeyaona kuwa tatizo. Wakati wa kusakinisha, nywila ya root, akaunti yenye mamlaka yote, iliachwa wazi. Debian hapo hufunga akaunti ya root na kumpa mtumiaji wa kwanza `sudo`, yaani ruhusa ya kuendesha amri kama root. Picha ya kuwakia yenye nembo iliwekwa kwa Plymouth, hivyo maandishi ya mfumo yalifichika. Folda tupu ya `/masomo` ilipewa ruhusa 777, inayomruhusu yeyote kuandika humo, siku ya majaribio, na ikabaki hivyo. Na kwenye kompyuta tatu zilizoongezewa RAM, fundi alitengeneza upya sehemu ya swap, eneo la diski linalosaidia RAM, kwa `mkswap`, jambo lililoipa UUID (namba ya utambulisho) mpya, lakini hakurekebisha mahali ambapo UUID ya zamani ilikuwa imeandikwa.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda. Zile tatu zilichelewa kuwaka, na watu wakasema ni uzee.

## Kilichotokea

Usiku wa kuamkia Jumatatu umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa. Asubuhi msimamizi wa maabara aliwasha seva na kompyuta zote kwa pamoja.

Kompyuta nne hazikufika kwenye skrini ya kuingilia. Nembo ilikaa, kisha likaja hili:

```
You are in emergency mode.
Cannot open access to console, the root account is locked.
Press Enter to continue.
```

Kubonyeza Enter kulirudisha mashine kwenye kujaribu upya, na baada ya kusubiri tena ujumbe ukawa uleule. Nembo ikiwa mbele, ilionekana kama mashine imeganda. Msimamizi akazizima kwa kitufe na kuziwasha, mara nne kila moja. Kwa diski ambayo tayari imepata msukosuko wa umeme, huo ni msukosuko mwingine mara nne.

Kompyuta 11 ziliwaka, lakini nembo ilikaa takriban dakika moja na nusu zaidi ya kawaida. Zile tatu za swap zilichukua zaidi ya dakika tatu na nusu. Na kwenye zote 14, `/masomo` ilikuwa tupu.

Mchana, fundi wa kwanza aliitwa. Aliona sekunde 90 zinajirudia, akapata kwamba systemd, programu inayoanzisha huduma zote mashine inapowaka, ina muda wa kusubiri wa sekunde 90 kama chaguo la msingi, na akaushusha kwa mashine zote 14 katika `/etc/systemd/system.conf`:

```
DefaultTimeoutStartSec=10s
```

Jumanne asubuhi skrini ya kuingilia ilikuja haraka, na kila mtu akaridhika. Lakini seva ilikuwa bado inakagua diski yake ya TB 2, na sekunde 10 zilipita kabla haijajibu. Wanafunzi wakafungua `/masomo`, wakaiona tupu, na kwa kuwa ruhusa ilikuwa 777 wakahifadhi humo kazi za saa tatu. Saa nane mchana mwalimu mmoja aliendesha `sudo mount -a`, amri ya kupachika vilivyoorodheshwa kwenye fstab. Folda ya seva ikapachikwa juu ya ile ya ndani, na kazi zote za asubuhi zikatoweka machoni.

Hapo ndipo ilipotolewa rai ya kuachana na systemd kabisa na kuhamia Devuan, tawi la Debian lililoanzishwa kwa ajili ya wasioitaka systemd na lililotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2017. Fundi wa pili aliletwa kabla rai hiyo haijatekelezwa.

## Utambuzi

Jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa nembo. Plymouth ikiwa mbele, kitufe cha Esc huonyesha maandishi yaliyo nyuma yake. Kwenye mashine iliyokwama yalikuwa wazi kabisa:

```
A start job is running for /dev/disk/by-label/hifadhi (47s / 1min 30s)
```

Mashine haikuganda. Ilikuwa inasubiri diski ambayo fstab iliahidi kwamba ipo. Diski haikutokea, muda ukaisha, na kushindwa kukapanda ngazi: kupachika `/hifadhi` kumeshindwa, kwa hiyo `local-fs.target` (hatua ya diski za ndani) imeshindwa, kwa hiyo `emergency.target` (hali ya dharura) imeitwa. Mstari wa fstab usio na `nofail`, chaguo la kuendelea hata upachikaji ukishindwa, maana yake kwa systemd ni sharti.

Wazoefu wa Debian wa miaka mingi hushangazwa na hili. Hadi Debian 7, mfumo wa kuanzishia wa SysV ulikuwa ukijaribu kupachika, ukishindwa unaandika kosa na kuendelea. Debian 8 ilipotoka Aprili 2015 na systemd kama chaguo la msingi, maelezo ya toleo yalionya kwamba upachikaji unaoshindwa sasa utaipeleka mashine kwenye hali ya dharura. Onyo hilo halimfikii mtu anayenakili mstari wa fstab kutoka kwenye mashine ya zamani.

Kwa kuwa root ilikuwa imefungwa, mlango wa kuingilia ulikuwa GRUB, programu inayowasha mfumo endeshi. Kwenye menyu alibonyeza `e`, akatafuta mstari unaoanza na `linux`, akaondoa `quiet splash` na kuweka `init=/bin/bash`, kisha Ctrl+X. Hapo systemd haiitwi kabisa:

```
mount -o remount,rw /
nano /etc/fstab
sync
mount -o remount,ro /
reboot -f
```

Ndani ya fstab aliweka alama ya `#` mbele ya mstari wa `hifadhi`, na mashine zote nne zikawaka. Kufungua kasha kulionyesha kebo mbili za SATA zilizolegea, diski moja iliyokufa, na moja ambayo `smartctl -a` ilionyesha `Current_Pending_Sector` (idadi ya sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka) inapanda. Hii ya mwisho ilionekana kwa mfumo ila ilitoa makosa ya kusoma, hivyo yenyewe ilifika hali ya dharura bila kumaliza sekunde 90.

Ucheleweshaji wa zile 14 ulikuwa mgumu zaidi kuuona. `systemd-analyze blame` haikusaidia sana, na ni vizuri kueleza kwa nini, maana ndiyo amri ya kwanza inayopendekezwa kila mahali. Inaonyesha muda wa kila yuniti (kitu kimoja kinachosimamiwa na systemd, kama huduma au pachiko) peke yake ilhali yuniti nyingi huwaka kwa wakati mmoja, kwa hiyo iliyo juu ya orodha si lazima iwe ndiyo iliyochelewesha. Na kifaa ambacho hakikutokea kabisa hakimo kwenye orodha.

Kilichofanya kazi ni vitu viwili. Cha kwanza:

```
journalctl -b -1 | grep -iE 'timed out|dependency failed'
```

Debian 11 na kuendelea huhifadhi logi za kuwaka kulikopita. Kwenye toleo la zamani ni lazima kwanza kutengeneza `/var/log/journal`. Cha pili ni kuongeza `systemd.debug_shell` kwenye mstari wa keneli, ule unaoanza na `linux` kwenye GRUB. Hiyo hufungua ganda (mahali pa kuandikia amri) la root kwenye Ctrl+Alt+F9 mapema sana, bila kuuliza nywila, na humo `systemctl list-jobs` huonyesha nani anamsubiri nani wakati kusubiri kunaendelea. Haipaswi kuachwa kwenye mashine baada ya uchunguzi, kwa sababu hiyohiyo ya kutouliza nywila.

Orodha ilionyesha `masomo.mount` inaendelea na `lightdm.service`, huduma ya skrini ya kuingilia, inangoja. Kwa nini skrini ya kuingilia ingoje folda ya mtandao? Jibu liko kwenye `systemctl cat systemd-user-sessions.service`: yuniti hiyo, inayoruhusu watumiaji kuingia, imepangwa baada ya `remote-fs.target` (hatua ya folda za mtandao), na LightDM imepangwa baada yake. NFS isipojibu haileti hali ya dharura, maana `remote-fs.target` si sharti la kuwaka. Lakini mpangilio wa nani atangulie unabaki, na kila mtu anasubiri hadi muda uishe. Kwenye maabara ambayo seva na wateja wake huwashwa kwa dakika moja, na seva ina diski kubwa ya kukagua, hilo lingetokea kila umeme unapokatika.

Zile tatu za swap zilikuwa na hesabu inayojumlika: sekunde 30 ndani ya initramfs, mfumo mdogo unaotangulia systemd, zikisubiri UUID ya zamani kwa ajili ya kuamka kutoka usingizini (kompyuta iliyolazwa huhifadhi hali yake kwenye swap), 90 za mstari wa swap katika fstab, na 90 za NFS. Jumla 210. Ujumbe wa sehemu ya kwanza, `Gave up waiting for suspend/resume device`, ulikuwa umejificha nyuma ya nembo tangu siku ya kwanza.

## Maamuzi na sababu zake

Kazi za wanafunzi kwanza. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, faili zilizozama chini ya pachiko zilitolewa. Hazikuwa zimefutwa; folda ya seva ilikuwa imezifunika tu. Kupachika mzizi (`/`) mahali pengine huonyesha kilichofunikwa:

```
sudo mount --bind / /mnt
ls /mnt/masomo
```

Zilinakiliwa kwenye seva kutoka kwa kila mashine, kila moja kwenye folda yake ili majina yasigongane.

`DefaultTimeoutStartSec` ilirudishwa 90. Kuishusha kulibadilisha muda wa kila huduma isiyo na muda wake yenyewe, ilhali tatizo lilikuwa mistari miwili. Muda mfupi uliwekwa kwenye mistari hiyo tu:

```
LABEL=hifadhi     /hifadhi  ext4  defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=15s  0 2
seva:/srv/masomo  /masomo   nfs   noauto,x-systemd.automount,x-systemd.mount-timeout=30s  0 0
```

Kwa `nofail`, `local-fs.target` haihitaji tena `/hifadhi` na wala haiisubiri. Tarakimu ya mwisho ilitoka 0 ikawa 2 ili diski ikaguliwe; kwa 0 haikuwahi kukaguliwa hata mara moja. Kwa `x-systemd.automount`, folda ya seva haipachikwi wakati wa kuwaka bali pale mtu anapoigusa, na hivyo skrini ya kuingilia haina cha kungoja.

Hatua ambayo wengi huisahau ni hii: systemd haisomi fstab moja kwa moja kila wakati. Huigeuza kuwa yuniti ndani ya `/run/systemd/generator`, na baada ya kuhariri inabidi kuambiwa isome upya:

```
sudo findmnt --verify
sudo systemctl daemon-reload
```

Amri ya kwanza hukagua fstab na kutaja mstari usiosomeka au chanzo kisichopatikana. Inachukua sekunde moja, na kwa mashine za mbali inaokoa safari.

Folda tupu zilifungwa. `nofail` ina gharama yake: diski ikikosekana, `/hifadhi` inabaki kuwa folda ya kawaida kwenye SSD, na video za GB kadhaa zingeijaza hadi mfumo ushindwe kufanya kazi. Kwa hiyo, diski zikiwa hazijapachikwa, iliendeshwa `sudo chattr +i /hifadhi /masomo`. Folda yenye alama hiyo haiandikiki hata na root, lakini kitu bado kinaweza kupachikwa juu yake.

Root ilipewa nywila kwa `sudo passwd root`, ikaandikwa na kuwekwa kwenye bahasha ofisini. Kuna njia nyingine, ya kuiwekea `emergency.service` mazingira ya `SYSTEMD_SULOGIN_FORCE=1`, ambayo hufungua ganda la root bila nywila. Ilikataliwa kwa sababu maabara inaingiwa na watu wengi, na yeyote ambaye angekuwa kwenye kibodi mashine ikifika hali ya dharura angepewa root.

Nembo iliondolewa. Katika `/etc/default/grub` neno `splash` lilitolewa, kisha `sudo update-grub`.

Swap ilirekebishwa kwa kusoma UUID mpya kwa `blkid` na kuiandika katika fstab. Kwa kuwa hakuna anayelaza kompyuta za maabara usingizi wa diski, katika `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume` iliandikwa `RESUME=none`, ikifuatiwa na `sudo update-initramfs -u`.

Kuhamia mfumo mwingine wa kuanzishia kuliahirishwa. Kebo iliyolegea ingebaki imelegea, seva ingebaki inachelewa, na UUID ya swap ndani ya initramfs inasubiriwa kabla systemd haijaanza hata kidogo. Kubadilisha mashine 18 katikati ya muhula kungeleta matatizo mapya bila kuondoa haya.

## Matokeo

Jaribio lilifanywa kwa makusudi kwenye mashine mbili kabla ya kupeleka mabadiliko kwa nyingine: kompyuta imezimwa, kebo ya data ya diski ya pili inachomolewa, inawashwa, kisha kebo ya mtandao inachomolewa, inawashwa tena. Mara zote mbili skrini ya kuingilia ilikuja kwa takriban sekunde 20, sawa na siku ambayo kila kitu ni kizima.

Umeme ulikatika tena wiki mbili baadaye. Kompyuta zote 18 ziliwaka kabla ya seva kumaliza ukaguzi. Aliyefungua `/masomo` mapema alisubiri sekunde 30 na kupata ujumbe wa kosa. Aliyefungua baadaye alikuta faili zake. Diski mbili mbovu zilikuwa zimebadilishwa. Kazi za Jumanne zilipatikana zote isipokuwa za mashine moja ambayo mwanafunzi alizifuta mwenyewe akidhani ni nakala.

## Uchambuzi

Uamuzi wa fundi wa kwanza unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu unafanana na ufumbuzi. Aliona namba, akaipunguza, na dalili ikaondoka. Lakini sekunde 90 zilikuwa zikisema jambo: kitu ulichotangaza hakipo. Alipozifupisha, mashine ilianza kuwapa watu folda tupu haraka zaidi, na hasara ikahama kutoka kwenye muda wa kusubiri hadi kwenye kazi zao. Ucheleweshaji huudhi, lakini haukuwa umefuta chochote.

Ruhusa ya 777 kwenye folda tupu ilikuwa kosa kubwa kuliko chochote kilichohusu systemd. Bila hiyo, Jumanne ingezaa malalamiko ya kushindwa kuhifadhi, na tatizo lingejulikana saa mbili asubuhi badala ya saa nane mchana.

Malalamiko dhidi ya systemd, hata hivyo, si ya bure. Kuwa mkali kuhusu fstab kunaweza kutetewa: mashine inayowaka bila diski ya hifadhidata inaweza kuharibu zaidi ya ile inayosimama. Kusubiri sekunde 90 nako kunaeleweka, kwani diski za USB na za mtandao hujitokeza kwa kuchelewa. Kisichoweza kutetewa ni kumpeleka mtu kwenye hali ya dharura ambayo haina mlango. Kisakinishi cha Debian kinaruhusu root kufungwa, systemd inaheshimu kufungwa huko, kila upande uko sahihi kwa sheria zake, na mtumiaji anabaki na kitufe cha Enter kinachomzungusha. Anayesakinisha leo bila nywila ya root apange sasa hivi atakavyoingia siku hiyo ikifika, ama kwa GRUB ama kwa diski mwako ya USB.

Nembo nayo ilikuwa na mchango mkubwa kuliko ilivyodhaniwa. Ujumbe uliotaja `hifadhi` kwa jina ulikuwepo kwenye skrini muda wote. Ungeonekana, msimamizi asingezima mashine mara nne, na angefungua kasha kutafuta kebo siku ya Jumatatu asubuhi.

Kilichofanya kazi vizuri ni kuchomoa kebo kwa makusudi. Kuhariri fstab na kuona mashine inawaka wakati diski zote ni nzima hakuthibitishi chochote, maana hata mstari wa zamani uliwaka siku hizo.

Yapo yaliyobaki. Kidhibiti faili cha Xfce chenye alamisho ya `/masomo` huganda hadi sekunde 30 seva ikiwa imezimwa, kwa sababu kuigusa alamisho ni kuigusa folda. Alamisho ilihamishwa kutoka upau wa pembeni hadi kwenye eneo-kazi, na hilo limepunguza tu. Pia seva ikizimwa kabla ya wateja, kompyuta zenye faili zilizofunguliwa kutoka kwake huchelewa kuzima, zikisubiri NFS ijibu. Karatasi iliyobandikwa juu ya swichi ya ukutani sasa inaandika mpangilio: kompyuta za wanafunzi huzimwa kwanza, seva mwisho, na wakati wa kuwasha, seva kwanza.